Maji Taka ya Migodini: Mashine Inayopima Nayo Yataka Kupimwa



Mkulima wa pamba wa Kishapu hafikishi mzigo wake kwenye kituo cha kununulia akakubali tu kila kinachosemwa na mizani. Kwanza huangalia kama imesimama kwenye sifuri kabla gunia halijapanda. Akiwa na shaka hutafuta kitu ambacho uzito wake anaujua tayari, mathalani mfuko wa sukari wa kilo 50 usiofunguliwa, akakitundika. Mizani ikisema 46, ugomvi huanza. Kwa ajili ya ugomvi wa namna hiyo tuna Wakala wa Vipimo, ambao huikagua mizani na kuiwekea alama.

Tumeanza na pamba kwa sababu mwezi huu tunazungumza juu ya mizani ya namna nyingine. Wengi wetu hatujaiona kwa macho, lakini watoto wetu wanafanya kazi karibu nayo na mifugo yetu inakunywa chini yake. Wazazi kadhaa wametuuliza hivi: "Kijana wetu anasema kule kwenye uchenjuaji kuna mashine zinazopima sumu ya maji zenyewe na kutia dawa zenyewe, hakuna mtu anayegusa. Je, tuendelee kuliogopa lile bwawa, au tuiachie mashine?" Jibu letu ni kwamba mashine hizo ni msaada mkubwa na hatutaki mtu azidharau. Ila nazo ni mizani, na mizani hukaguliwa.

BOYA LA TANGI

Tuanze na kitu kilichopo nyumbani. Wengi wenye tangi la maji wameweka boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na koki hufunga. Yakishuka, boya hushuka na koki hufunguka. Hakuna mtu aliyekaa pale kulinda. Huo ndio mtambo unaojiendesha, na una sehemu tatu tu: kinachohisi, kinachoamua na kinachotenda. Mtambo wa kusafisha maji taka wa mgodi mkubwa una sehemu hizo hizo tatu, ila boya limekuwa kijiti cha kioo chenye waya, mkono wa boya umekuwa kompyuta, na koki imekuwa pampu ya dawa. Kile kijiti kinaitwa kihisi. Mafundi wenyewe husema "sensa", wala tusiichanganye na ile ya Agosti 2022 iliyotuhesabu nyumba kwa nyumba.

Kila mwenye boya anajua linavyoharibika. Haliharibiki kwa kishindo. Kipande cha nailoni hunasa kwenye mkono wake, au chumvi ya maji huganda pale linapopindia, basi boya hubaki juu. Asubuhi mama anafungua bomba, hakuna tone. Tangi ni tupu, na boya bado linasema limejaa. Koki haikukosa kitu hapo, ilitii ilichoambiwa.

SUMU YENYEWE NI IPI

Migodi mikubwa ya kanda yetu, kama Geita na Bulyanhulu, hutumia sianidi kuyeyusha dhahabu kutoka katika mawe yaliyosagwa. Ndivyo ifanyavyo pia mitambo midogo mingi inayochenjua marudio ya wachimbaji wadogo. Sianidi si mgeni kwetu. Ndiyo sumu iliyomo katika mihogo michungu, ambayo bibi zetu walijua kuipunguza kwa kuloweka, kuvundika na kuanika juani. Palipokuwa na njaa na haraka watu waliumia: mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla unaotokana na kula mihogo michungu isiyotayarishwa vya kutosha. Hiyo ilikuwa sumu ya sahani kwa sahani. Ile ya uchenjuaji hushushwa kwa mapipa.

Sianidi ikiwa katika maji yenye chokaa ya kutosha, hutulia humo humo majini. Chokaa ikipungua, maji yakaelekea kwenye uchachu, sianidi hugeuka asidi inayoruka kama hewa. Asidi hiyo huchemka ikifika joto la nyuzi 26 hivi, ambalo kwa mchana wa huku kwetu ni joto la kawaida tu. Mtu akiivuta, mwili wake hushindwa kuitumia hewa safi aliyokwisha kuivuta. Ikiwa nyingi, huua kwa dakika chache.

Uchachu wa maji hupimwa kwa namba ziitwazo pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yako kwenye 7, maji ya limau karibu na 2, na maji ya chokaa hufika 12. Kwenye matangi ya sianidi inatakiwa zaidi ya 10. Ikishuka hadi 9.2 hivi, nusu ya sianidi iliyo huru imekwisha kugeuka kuwa ile inayoruka. Tena namba hizi hazihesabiwi kama shilingi. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 11 hadi 9 nguvu ya chokaa majini imepungua mara mia.

Dhahabu ikishatolewa, tope lililobaki na maji yake hupelekwa bwawani. Migodi mikubwa huweza kuivunja sianidi kwanza, aghalabu kwa dawa ya salfa pamoja na hewa na shaba kidogo. Huko Baia Mare, nchini Romania, bwawa la namna hiyo lilipasuka tarehe 30 Januari 2000, na mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mitoni hadi Hungaria, samaki wakafa kwa wingi sana. Baada ya msiba huo ilitungwa kanuni ya kimataifa ya sianidi. Pamoja na mengine, inataka kwamba maji ya wazi ambayo ndege na wanyama wanaweza kuyafikia yasizidi miligramu 50 kwa lita ya ile sianidi inayoachia kwa urahisi. Kujua kama ni 50 au 150, hapana budi kupima. Jicho halioni tofauti.

TULICHOKIONA

Tulipata nafasi ya kutembelea mtambo mmoja wa uchenjuaji katika ukanda huu. Hatutautaja, kwa sababu waliotupokea hawakutuficha kitu. Ukutani palikuwa na kisanduku chenye namba nyekundu: 10.8. Tulipofika asubuhi ilikuwa 10.8. Baada ya chai, 10.8. Jua lilipokuwa utosini, 10.8. Sisi tulifurahi, tukadhani huo ndio uthabiti wenyewe. Fundi mmoja mtu mzima akatuuliza kwa upole, "Wazee wangu, maji yanayotembea yanawezaje kusoma namba moja kutwa nzima?"

Akakitoa kihisi kutoka tangini. Ncha yake ya kioo, nyembamba kama ganda la yai, haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa ukoko mweupe wa chokaa, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai. Akaichovya katika asidi hafifu mpaka ukoko ukatoka kwa povu, akaisuuza, kisha akaitia katika vichupa viwili vidogo. Kimoja kina maji yanayojulikana kuwa 7, kingine 10. Hiyo ndiyo sukari ya kilo 50 ya mkulima wetu wa pamba. Aliporidhika akakirudisha tangini. Namba ikatetemeka kidogo, ikatulia kwenye 9.6. Pale pale pampu ya chokaa ikaanza kunguruma, maana ndipo ilipopata habari.

Kijana mmoja wa parokia jirani alikuwa amesimama juu ya tangi lile tangu asubuhi bila kinga ya pua, kwa kuwa ukuta ulimwambia mambo ni mazuri. Aliposikia 9.6 alirudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyemwambia.

KWA NINI NI KAZI NGUMU HUKU KWETU

Ugumu wa kwanza ni huo mliouona: kihisi huwekwa mahali pachafu kuliko pote, halafu hutegemewa kusema kweli. Kwenye chokaa hushika ukoko, kwenye maji ya vyoo huota utelezi, na kwenye tope la mawe mchanga hukikwangua. Hakipendi hata kupumzika. Ncha ya kioo lazima ikae na unyevu wakati wote. Tangi likikaushwa kwa matengenezo na kihisi kikaachwa kining'inie juani, kikirudishwa kazini kitasoma, lakini kitasoma uongo. Hata kikitunzwa vizuri huzeeka, na aghalabu umri wake ni mwaka mmoja hivi. Mahali pakali ni miezi tu.

Halafu kuna vile vichupa vya kuhakikia. Maji ya 10 yakifunguliwa hunywa hewa ya ukaa na kushuka taratibu. Yakiwekwa katika stoo yenye bati lisilo na dari, na tarehe yake ikapita, basi mtu anahakikisha mizani kwa jiwe ambalo nalo limeliwa na mchwa. Kuagiza vingine ni kungoja mzigo kutoka Dar es Salaam au ng'ambo. Kwa muda huo mtambo hauwezi kusimama, kwa maana kusimama ni hasara. Hivyo huwekwa "kwenye mkono", yaani mtu anafungulia chokaa kwa kukadiria. Hilo lenyewe si dhambi, kama kuna mtu mwenye kipimo cha mkononi anayepima kila baada ya muda na kuandika. Hatari ni pale mtambo unapokuwa kwenye mkono na wote wanadhani unajiendesha.

Ugumu mwingine akina mama wataufahamu upesi kuliko wahandisi. Umetia chumvi katika sufuria ya maharage, ukaonja papo hapo, ukaona bado. Ukaongeza. Ukaonja tena, bado. Ukaongeza. Baada ya robo saa chumvi yote imeyeyuka na chakula hakiliki. Ndivyo ilivyo katika tangi kubwa. Chokaa inatiwa upande huu, kihisi kiko upande ule, na katikati kuna dakika kumi au ishirini za kuchanganyika. Kompyuta isiyofundishwa kungoja huongeza na kuongeza, kisha hushtuka imezidisha, ikafunga kabisa. Namba hupanda na kushuka kama pembea. Ikiwa chini, sumu inaruka. Ikiwa juu, chokaa inaharibika bure na ukoko unaongezeka kwenye kihisi, tukarudi pale tulipoanzia. Kuifundisha kompyuta kungoja ni kazi ya fundi anayelijua tangi lile lile. Mpangilio uliokuja nao kutoka kiwandani haujui tangi letu wala chokaa yetu.

Umeme na radi tungeweza kuviandikia ukurasa mzima. Watu wa Geita hawahitaji kuambiwa juu ya radi, wamekwisha kuzika. Mtambo wa maji taka una nyaya ndefu zilizotambaa uwanjani, na radi ikipiga hata mbali kidogo, nguvu yake hupita katika nyaya hizo na kuunguza vikadi vya elektroniki vilivyo nyuma ya kihisi. Ajabu ni kwamba siku hiyo ndiyo siku ya haja. Mvua kubwa ndiyo inayojaza mabwawa, ndiyo inayoyachanganya maji, ndiyo inayokata umeme, na ndiyo inayokuja na radi. Kiangazi chote kihisi kinasoma bila taabu maji yasiyo na shida, na usiku wa mvua kinazima. Kwa hiyo ukisikia mtambo fulani una vipimo vya kisasa, swali la maana ni kama vina betri, vina kinga ya radi, na nani anakwenda bwawani na tochi vikizimika.

Kuna pia ving'ora. King'ora kinacholia kila siku kwa sababu ya kihisi kichafu hukatwa waya siku ya tatu, nasi tusiwahukumu waliokikata, maana nao walitaka kufanya kazi. Na kuna wizi. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakafika mto Tigithe, na kampuni ilieleza wakati ule kwamba watu walikuwa wameiba plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye. Betri, nyaya na sola za vihisi nazo zina soko. Anayeuza waya wa kihisi haoni uhusiano wake na ng'ombe wa shangazi yake walio kwenye lambo la chini, lakini uhusiano upo.

KUTA ZA MABWAWA

Vihisi havipimi uchachu peke yake. Vingine hufukiwa ndani ya kuta za mabwawa ya tope ili vipime msukumo wa maji, maana ukuta uliolowa ndani huweza kuachia bila kutoa dalili nje. Kwetu Shinyanga somo hili halitoki mbali: tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulivunjika, na tope likafunika mashamba na kufikia nyumba za watu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Huko Brumadinho, nchini Brazili, tarehe 25 Januari 2019, walikufa watu 270. Palikuwa na ving'ora vya kuwaonya, navyo havikulia. Mkuu wa kampuni alisema tope lilikizoa king'ora kabla hakijalia. Kwa hiyo wenye kuishi chini ya bwawa waulize kitu kimoja cha wazi kabisa: king'ora kimesimama wapi? Kama kipo kwenye njia ya tope, kihamishwe.

ZAWADI ILIYOLEMEA

Mambo haya si ya migodi tu. Hospitali moja ya misheni tunayoifahamu ilipewa na marafiki wa ng'ambo mtambo wa kusafisha maji ya vyoo na wodi. Ulikuwa mzuri kweli. Mashine ya upepo ilipuliza hewa ndani ya maji ili vijidudu vinavyokula uchafu viishi, na kihisi cha oksijeni kiliiamuru ipulize au ipumzike. Utelezi ulipokifunika kihisi, kikawa kinasoma kwamba maji hayana hewa, basi mashine ikapuliza usiku na mchana bila kupumzika. Bili ya umeme ilipofika, mhasibu alishika kichwa. Akaagiza izimwe, ikazimwa kabisa. Vijidudu vikafa, na harufu ikafika hadi kanisani. Kilichokosekana kilikuwa kitambaa laini, maji safi, na mtu mmoja wa kukifuta kihisi kila wiki.

Tungeulizwa ushauri na parokia au shule inayotaka kujenga, tungesema hivi: kama hamna bajeti ya mtu, msinunue mtambo. Jengeni mabwawa ya jua, kama yale ya Butuja jijini Mwanza, au mabwawa ya matete ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia utafiti miaka mingi. Hayo yanahitaji ardhi, fyekeo na uzio wa kuzuia watoto, na kihisi kikifa hayajui. Yana hila zake pia: mchana mwani hutengeneza oksijeni tele, usiku inakwisha, hivyo anayepima saa nane mchana tu atajipongeza bure.

PUA NAYO NI KIHISI

Kila mmoja wetu ana kihisi alichozaliwa nacho, na kinadanganya kama vingine. Shimo la choo na tangi la maji taka hutoa hewa yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, pua huisikia mara moja. Ikizidi, pua hufa ganzi, na mtu husema, "Harufu imekwisha, sasa naweza kushuka." Hushuka, huanguka. Ndugu yake humfuata kumwokoa, naye huanguka. Ndiyo maana mara nyingi shimo moja hutoa maiti mbili au tatu za ukoo mmoja.

Baadhi ya wazee hushusha kandili: ikizimika, hawashuki. Kandili huonyesha tu kwamba hewa ya kupumua imepungua, haionyeshi ile sumu ya yai viza. Tena mashimo hayo huwa na hewa inayowaka, na kandili huweza kulipua. Asishuke mtu shimoni kuzibua wala kufuata simu iliyotumbukia. Gari la kunyonya liitwe. Kama mtu ameanguka humo, msimfuate. Piteni kelele, tafuteni kamba, na waiteni Zimamoto kwa namba 114.

Kwa sianidi pua haina msaada kabisa. Vitabu vinasema inanukia lozi chungu, nasi tunauliza ni nani katika vigango vyetu aliyewahi kunusa lozi chungu. Zaidi ya hayo, watu wengi wamezaliwa bila uwezo wa kuisikia harufu hiyo.

AKIUMIA MTU

Anayevuta sianidi huumwa kichwa ghafla, huona kizunguzungu, hupumua haraka, huishiwa nguvu, na ikizidi hushikwa na degedege. Mwenye kuokoa ajilinde kwanza. Akimkimbilia bila kinga atakuwa mgonjwa wa pili. Mgonjwa apelekwe penye hewa, upande upepo unakotoka. Avuliwe nguo zilizolowa, naye anayemvua asizishike kwa mikono mitupu, kisha aoshwe kwa maji mengi. Msimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, kwa kuwa sumu humrudia anayepuliza. Msipoteze muda kwa maziwa wala mafuta. Mkifika hospitali neno la kwanza liwe "sianidi", kabla hata ya jina la mgonjwa, maana kuna oksijeni na dawa maalumu, na daktari asiyeambiwa ataanza kutafuta malaria.

Kwa maji ya nyumbani, kumbukeni kwamba kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, lakini hakuondoi zebaki wala arseniki. Maji yakipungua sufuriani, hizo hubaki. Mwenye kupata bomba la maji ya Ziwa Victoria, ambayo tangu 2009 yanatoka Ihelele wilayani Misungwi hadi Shinyanga na Kahama, atumie hayo kwa kunywa na kupikia kuliko ya kisima kilicho chini ya mtambo wa uchenjuaji. Na ng'ombe wasipelekwe kwenye bwawa la mtambo hata kiangazi kikiwa kikali namna gani.

DAFTARI

Katika mkutano wa kijiji, meneja wa mtambo akija, wengi huuliza juu ya ajira na barabara. Hayo ni haki. Hatusemi muwaache, ila ongezeni maswali mawili. La kwanza: kihisi cha mwisho kabla maji hayajaingia bwawani kilisafishwa lini na kuhakikiwa lini, na nani? La pili: kikizimika usiku, nani anapima kwa mkono? Hamhitaji kujua kemia kuuliza hivyo. Mtambo unaotunzwa huwa na daftari, lenye tarehe, saa, namba kabla ya kusafisha, namba baada ya kusafisha, na sahihi. Katika daftari la kweli namba hizo mbili hutofautiana mara kwa mara. Zikiwa sawa kila siku kwa miezi sita, na kalamu ni ile ile, limeandikwa siku moja.

Kama jibu haliridhishi, serikali ya kijiji inaweza kuandika kwa NEMC, na kwa ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria ikiwa maji yanaelekea ziwani. Mtambo ukiwa karibu na mto, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa kemikali yenyewe yuko Mkemia Mkuu wa Serikali. Barua iwe fupi: jina la kijiji, mahali mtambo ulipo, mlichokiona, tarehe na saa. Mkiona ndege waliokufa kando ya bwawa, hesabuni mkiwa mbali, msiwaokote wala kuwaacha mbwa wawale, na andikeni idadi. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa jumuiya, ili mwaka ujao atakapouliza mtu asianze upya.